Kutu ya ngano: kwa nini jeni moja kali huishia kumwangusha mkulima

Mwaka 2007 wakulima wa Kenya waliokuwa wamepanda aina ya ngano iitwayo KS Mwamba waliona mashamba yakigeuka rangi. Mashina yalitoka vipele, vipele vikapasuka, na unga wa rangi ya tofali ukamng'ang'ania kila aliyepita shambani. Mbegu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imebeba jeni ya ukinzani inayoitwa Sr24, mojawapo ya jeni chache zilizokuwa bado zinaizuia kutu mpya iliyotokea Uganda miaka michache kabla. Ila mwaka 2006 watafiti walikuwa wamekwisha kuona nchini Kenya mbari ya kutu inayoipita Sr24 bila taabu. Msimu uliofuata KS Mwamba ikaliwa.

Ukikaa na wakulima wa ngano utasikia swali hili kwa namna mbalimbali: mbegu niliyoambiwa haishiki kutu imekuwaje inashika baada ya misimu mitatu minne? Wapo wanaoamini wameuziwa mbegu iliyochakachuliwa, na kweli hilo hutokea. Wapo wanaosema mbegu imechoka. Lakini mara nyingi jeni iliyokuwamo kwenye mbegu iko palepale, nzima, inafanya kazi ileile iliyofanya mwaka wa kwanza. Aliyebadilika ni kuvu.

Ngano ina kutu tatu, na kila moja ni kuvu tofauti. Kutu ya shina hukaa zaidi kwenye mashina na ala za majani, ingawa hata jani lenyewe haliachi. Kutu ya jani hutoa vipele vidogo vya rangi ya chungwa iliyoiva, vimetawanyika ovyo juu ya jani. Kutu ya njano hujipanga kwa mistari ikifuata mishipa ya jani, nayo hupenda baridi na unyevu wa nyanda za juu. Zote tatu zina tabia moja ambayo msomaji ashike tangu sasa, kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata: haziwezi kuishi ndani ya kitu kilichokufa. Kutu inahitaji seli hai ya ngano, seli inayotengeneza sukari, ili iinyonye.

Spora ya kutu, yaani chembe ndogo inayoizalisha, huja na upepo. Ikitua juu ya jani lenye umande, baada ya saa chache hutoa kijiuzi kinachotambaa hadi kwenye kitundu cha kupumulia cha jani. Pale hutuna, husukuma, huingia. Ikiwa ndani huchomeka mirija midogo kwenye seli moja moja bila kuziua, huanza kufyonza sukari, na papo hapo huingiza protini zake ndani ya seli ili kuzima kengele za hatari za mmea. Wiki mbili hivi baadaye, hali ya hewa ikiruhusu, ngozi ya jani hupasuka na kipele kimoja humwaga spora kwa maelfu. Kisha mzunguko huanza upya kwa jirani.

Mmea nao haukai kimya. Katika maelfu ya jeni zake, ngano ina kundi kubwa la jeni zinazotengeneza protini za ulinzi zinazokaa ndani ya seli zikisubiri. Protini ya namna hii inafanana na askari wa getini aliyeambiwa amkamate mwizi mwenye shati jekundu. Akiliona shati hilo, hafanyi mchezo. Kwenye jeni ya Sr35, iliyotoka kwa ngano ya kale iitwayo *Triticum monococcum*, kazi hii imefuatiliwa hadi mwisho. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2013, na protini ya kutu inayoiamsha ikajulikana mwaka 2017. Mwaka 2022 watafiti wakaonyesha jinsi protini tano za Sr35, zikishamkamata adui, zinavyoungana kuwa pete na kutoboa njia kwenye utando wa seli. Madini ya kalisi humiminika ndani, na seli hujiua. Kutu iliyokuwa imechomeka mrija wake pale inabaki na maiti mdomoni. Kwenye jani utaona vidoa vidogo vilivyokauka tu, au usione kitu.

(Ujanja huu haufai dhidi ya kila ugonjwa wa majani. Kuna kuvu iitwayo *Zymoseptoria tritici*, inayoleta mabaka ya kijivu yenye vitone vyeusi. Hiyo hukaa siku nyingi ndani ya jani bila dalili, kisha hushamiri seli zinapokufa. Kuiulia seli ni kuiandalia mezani. Ndiyo maana mkulima asidhani kwamba mbegu inayokinza kutu inakinza kila kitu.)

Kwamba ukinzani hurithiwa si habari mpya. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Cambridge alionyesha kwamba uwezo wa ngano kukataa kutu ya njano unapita kutoka kwa mzazi hadi kwa watoto kwa kanuni zilezile za Mendel, kama rangi ya ua la njegere. Miongo kadhaa baadaye, huko North Dakota, Harold Flor alichunguza mmea wa kitani pamoja na kutu yake kwa wakati mmoja, akakuta jambo ambalo leo ndilo msingi wa somo zima: kila jeni ya ukinzani ya mmea ina mwenzake upande wa kuvu. Kuvu ikiwa na jeni ile inayotambulika, inakamatwa. Ikiipoteza au ikiibadili kidogo, inapita. Mwizi amevaa shati la bluu, na askari hana agizo lolote kuhusu bluu.

Sasa tazama hesabu. Shamba moja lenye kutu hutoa spora zisizohesabika kwa msimu mmoja. Kosa dogo la kunakili jeni likitokea kwa spora moja kati ya mamilioni, hilo latosha, kwa sababu spora hiyo moja ndiyo pekee itakayozaa kwenye shamba ambalo wenzake wote wanakufa. Na kadiri wakulima wengi wanavyopanda aina moja yenye jeni ileile moja, ndivyo zawadi ya spora hiyo inavyokuwa kubwa. Ukinzani mkali wa jeni moja humfanyia adui kazi ya mchujo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Sr31. Jeni hii haikuwa ya ngano hata kidogo. Ilitoka kwenye shayiri nyeusi (kwa Kiingereza rye), ile nafaka ya Ulaya ya mkate mweusi, ambayo kipande cha kromosomu yake kiliunganishwa na kromosomu ya ngano. Kipande hicho kilikuja na jeni za kukinza kutu zote tatu kwa mpigo, na ngano zilizokibeba zilizaa vizuri. Kwa hiyo kilienea duniani kote, kutoka China hadi Amerika Kusini. Kwa miongo mitatu hivi hakuna kutu ya shina iliyoweza kuivunja, na watu wakaanza kuiona kutu ya shina kama ugonjwa wa vitabuni. Fedha za utafiti zikaelekezwa kwingine.

Mwaka 1998, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, ngano zenye Sr31 zilionekana zikiwa zimejaa vipele. Vipimo vya mwaka uliofuata vilithibitisha mbari mpya, ikapewa jina la Ug99: Uganda, mwaka 99. Ikaingia Kenya, mwaka 2003 ikaonekana Ethiopia, mwaka 2006 Yemen, mwaka 2007 Iran. Makadirio ya wakati ule yalisema asilimia 80 hadi 90 ya ngano zilizolimwa duniani hazikuwa na kinga dhidi yake. Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alipiga mbiu mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91. Yeye alikuwa mtu wa kusikilizwa, maana alikuwa ameyaona mashamba ya Amerika Kaskazini yakiteketea kwa kutu ya shina mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ug99 ilitoka wapi? Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni mabadiliko madogo madogo yaliyorundikana. Mwaka 2019 uchunguzi wa vinasaba ulileta jibu la ajabu zaidi. Kila seli ya kutu, katika hatua inayoishi kwenye ngano, ina viini viwili vilivyokaa pamoja bila kuungana. Kiini kimoja cha Ug99 kilikutwa ni kilekile cha ukoo wa zamani wa kutu uliojulikana kusini mwa Afrika na Australia. Cha pili kilitoka kwa mzazi mwingine. Yaani mahali fulani kutu mbili zilikutana ndani ya mmea mmoja, nyuzi zao zikagusana, zikabadilishana kiini kizima. Hakukuwa na ndoa ya kawaida ya kuvu, ile inayohitaji mmea wa pili, mberizi, ambao Wamarekani waliufanyia kampeni ya kuung'oa kuanzia mwaka 1918. Kutu imejaliwa njia nyingi za kubadili shati.

Baada ya hapo jeni zikawa zinaanguka moja baada ya nyingine hapa kwetu. Sr24 mwaka 2006. Sr36 mwaka 2007. Kisha Kenya ikatoa aina iitwayo Robin, ikapendwa kwa mavuno yake. Ulinzi wake mkuu ulikuwa jeni ya SrTmp, na mwaka 2014 mbari zinazoivunja zikapatikana. Kisa cha Ethiopia kinafundisha zaidi. Aina yao ya Digalu nayo ilikuwa na SrTmp na iliizuia Ug99 vizuri. Mwaka 2013 ikaangushwa na mbari nyingine kabisa, TKTTF, isiyo na undugu na Ug99. Macho yote yalikuwa kwenye mlango mmoja.

Basi hakuna ukinzani unaodumu? Upo, nao ni wa tabia tofauti kabisa. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo habari nzuri ilipo, na ni habari isiyouzika kirahisi kwenye bango la matangazo.

Jeni za ukinzani wa kutu hupewa majina ya herufi mbili na namba: Sr ni ya kutu ya shina, Lr ya jani, Yr ya njano, na namba hufuata utaratibu wa kuorodheshwa. Sasa kuna jeni iliyoandikwa Lr34. Watafiti wa kutu ya njano walikuwa na yao, Yr18. Wa kutu ya shina wakaipata yao, Sr57. Wa ugonjwa wa unga mweupe nao wakaandika Pm38. Ikaja kugundulika ni jeni moja yenye majina manne. Imekuwamo kwenye ngano zinazolimwa kwa karne nzima na kuvu haijaishinda.

Mwaka 2009 muundo wake ulipofumbuliwa, haikukutwa na sura ya wale askari wa getini. Ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, ya aina inayopitisha vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Toleo linalokinza linatofautiana na lisilokinza kwa herufi chache mno za vinasaba. Mwenzake Lr67, iliyofumbuliwa mwaka 2015, ni protini ya kubeba sukari iliyopoteza uwezo wa kubeba glukosi. Hakuna anayetambua shati hapa. Jani lenyewe linakuwa mahali pagumu pa kuishi, kwa kutu ya mbari yoyote, na hata kwa kuvu nyingine.

Matokeo yake shambani ni ya kawaida kiasi kwamba mtu anaweza asiyaone. Ngano yenye Lr34 *inashika* kutu. Ila spora nyingi hushindwa kuingia, zinazofaulu huchelewa kutoa vipele, na vipele vyenyewe huwa vidogo vyenye spora chache. Chukua mfano wa kubuni tu: kipele kimoja kwenye ngano dhaifu kinazaa vipele 10 vipya kila mzunguko, na kwenye ngano yenye kinga ya polepole kinazaa 3. Baada ya mizunguko minne, shamba la kwanza lina vipele 10,000 kwa kila kimoja kilichoanza. La pili lina 81. Mzunguko nao umerefushwa, kwa hiyo huenda ngano ikakauka na kuvunwa kabla mzunguko wa nne haujafika.

Udhaifu wake usifichwe. Nyingi ya jeni hizi huamka mmea ukishakua. Mche haupati faida kubwa. Na moja pekee, mwaka wenye mvua na kutu nyingi, haitoshi. Lr34 ikiwa peke yake inaweza kumwacha mkulima na hasara ya kumuumiza. Nguvu iko kwenye mkusanyiko: nne au tano za namna hii zikikaa kwenye mmea mmoja, kutu hubaki kidogo sana. Aina ya Kingbird, iliyotokana na kazi ya CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano lenye makao Mexico, ni mfano unaotajwa sana. Ndani yake mna Lr34 na Sr2 pamoja na wenzao. Sr2 yenyewe ina historia ndefu. Edgar McFadden wa South Dakota aliipata kwa kuchanganya ngano ya kawaida na ngano ya kale iitwayo Yaroslav, akapata aina aliyoiita Hope, yaani Tumaini. Borlaug akaitumia Mexico, na hadi leo haijavunjwa.

Kuzikusanya ndiko kazi ilipo. Ngano ina vinasaba vya mimea mitatu ya porini iliyoungana, kromosomu 42, na urefu wa herufi bilioni 16 hivi, mara tano ya zile za binadamu. Ramani kamili ya marejeo ilitolewa mwaka 2018 tu. Isitoshe, jeni kali huficha jeni za polepole: mmea ukiwa na Sr24 inayofanya kazi, utabaki safi, na huwezi kujua kama chini yake kuna Sr2 au hakuna. Ndiyo maana mtafiti anatafuta mahali penye kutu kali kuliko zote, apande huko, atazame nani atasalia.

Mahali hapo ni Njoro, kaunti ya Nakuru, kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kilicho zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Utafiti wa ngano pale ni wa tangu enzi za ukoloni, na kutu ndiyo iliyouanzisha. Leo maelfu ya aina za majaribio za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kila mwaka katika vipande vidogo, na kuzunguka vipande hivyo hupandwa ngano dhaifu kwa makusudi, ambayo hudungwa spora ili iwe chemchemi ya kutu. Kisha watu hupita na daftari. Kwa kila kipande huandika namba na herufi. Namba ni asilimia ya shina au jani iliyofunikwa, herufi ni aina ya kipele: R kinga, MR kinga ya wastani, MS udhaifu wa wastani, S dhaifu. Kipande kilichoandikwa 5R kina jeni kali inayofanya kazi leo. Kilichoandikwa 90S ni cha kutupwa. Mtafiti mzoefu husimama zaidi kwenye kile kilichoandikwa 20MSS (yaani kati ya MS na S), huku majirani wake wakiwa 80 na 90, kwa sababu hapo pana kutu lakini kuna kitu kinaizuia isisonge. Mtu wa biashara angechagua 5R bila kufikiri.

Sifa hizi pia haziji peke yake. Kipande cha shayiri nyeusi kilichobeba Sr31 kilileta unga unaotoa kinyunya cha kunata, kero kwa waoka mikate. Sr2 huelekea kuja na weusi kwenye maganda ya suke na chini ya vifundo vya shina. Lr34 huacha ncha ya jani la juu ikiwa imekauka, na wakati mwingine hupunguza mavuno kidogo pasipo na ugonjwa. Mzalishaji mbegu anapima yote haya. Mkulima naye aonywe, maana wapo wanaoona ile ncha kavu au ule weusi wakakimbilia kupiga dawa ya ukungu, wakati wanachokitazama ni alama ya kinga yenyewe.

Ipo njia ya mkato inayojaribiwa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kazi ambapo jeni tano, Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na ile Lr67, ziliunganishwa kuwa mnyororo mmoja na kuingizwa kwenye ngano pamoja, ili zirithiwe kama jeni moja. Kutu ingelazimika kuzishinda zote kwa wakati mmoja. Wazo ni zuri, nami naliona bora kuliko kuachia jeni kali moja moja sokoni, ambako kila moja inavunjwa ikiwa peke yake na kupotea. Lakini hiyo ni ngano iliyobadilishwa vinasaba maabara, na mabishano yake kwetu yanajulikana.

Kwa anayenunua mbegu msimu huu, swali la kumuuliza mwuzaji si kama aina hii inashika kutu au haishiki. Uliza imetolewa mwaka gani, na msimu uliopita ilionekanaje kwenye mashamba ya jirani karibu na kuvuna. Uliza kama kinga yake ni ya mmea mkomavu. Akikuambia inashika kidogo lakini haiangushi mavuno, usiikatae kwa hilo. Ukiwa na shamba kubwa, usipande aina moja kutoka mwisho hadi mwisho. Na ukikuta vipele kwenye aina ambayo miaka yote ilikuwa safi kabisa, usisubiri vitoke zaidi: piga picha, mwite afisa ugani siku hiyohiyo, kwa sababu huenda wewe ndiye wa kwanza kuiona mbari mpya, na sampuli ya jani lako ikifika maabara mapema inawapa wengine muda wa kujipanga.